David Livingstone

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, 1 Mei 1873) alikuwa mmisionari, daktari na mpelelezi aliyesafiri katika Afrika ya Kusini, ya Kati na ya Mashariki kwa zaidi ya miaka 30. Anakumbukwa hasa kwa kupinga biashara ya watumwa na kwa kukutana na Henry Morton Stanley huko Ujiji mwaka 1871. Mwaka 1872 alikaa miezi sita Kwihara karibu na Tabora, kwenye njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na ziwa Tanganyika.

Livingstone alisoma kemia kabla ya kuwa daktari. Elimu hiyo ilionekana katika dawa alizotengeneza, wino aliotumia na maelezo yake kuhusu madini. Kwa sababu hiyo maisha yake yanaonyesha vizuri tofauti kati ya elementi, kampaundi na mchanganyiko katika vitu vya kila siku.

Utoto na masomo

Livingstone alizaliwa katika familia maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba cha Blantyre, akifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baada ya kazi alikwenda shule ya jioni, na mchana aliweka kitabu wazi juu ya mashine ili asome huku akifanya kazi.

Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari katika Chuo cha Anderson mjini Glasgow. Mwalimu wake wa kemia alikuwa Thomas Graham, mwanakemia aliyejulikana baadaye kwa utafiti wake kuhusu mwendo wa gesi na kuhusu kutenganisha vitu vilivyoyeyuka katika maji. Msaidizi wa Graham alikuwa James Young, kijana aliyekuwa na karakana ndogo chuoni. Huko Livingstone alijifunza kutumia vifaa vya fundi, na urafiki wao ulidumu hadi kifo.

Wakati ule wanakemia walijua elementi zisizozidi 60. Wanafunzi walifundishwa kupanga vitu katika makundi matatu ambayo yanatumika hadi leo:

- Elementi ni kitu kisichoweza kugawanywa kwa njia ya kemia kuwa vitu sahili zaidi. Mifano ni shaba nyekundu, chuma, zebaki, salfa na kaboni.
- Kampaundi (au msombo) ni kitu kilichoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana kwa uwiano usiobadilika. Sifa zake ni tofauti na zile za elementi zake. Chumvi ya mezani ni natiri iliyoungana na klorini: ya kwanza ni metali inayolipuka majini, ya pili ni gesi ya sumu, lakini chumvi huliwa.
- Mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyo pamoja bila kuungana. Uwiano wake unaweza kubadilika, na mara nyingi vitu vyake hutenganishwa kwa kuchuja, kuchemsha, kupepeta au kuyeyusha.

Livingstone alipata cheti cha udaktari mwezi Novemba 1840, akabarikiwa kuwa mchungaji mwezi huohuo. Mwezi Desemba alipanda meli kuelekea Afrika Kusini akiwa ametumwa na Chama cha Misioni cha London.

James Young naye aliendelea na kemia. Mwaka 1850 alipata hataza ya kutengeneza mafuta ya parafini kutokana na makaa ya mawe. Mafuta ya taa si kampaundi moja. Ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi za kaboni na hidrojeni. Kila moja huchemka kwa kiwango chake cha joto, kwa hiyo Young aliweza kuzitenga kwa kuchemsha mafuta ghafi na kupoza mvuke wake. Kazi hiyo ilimfanya tajiri. Livingstone alimtania kwa kumwita Sir Paraffin. Mnamo 1865 Young alitoa paundi 1,000 kwa ajili ya safari ya mwisho ya rafiki yake, hivyo sehemu ya gharama ya safari hiyo ilitokana na mafuta ya taa.

Safari za kwanza

Mwaka 1844 huko Mabotsa Livingstone alishambuliwa na simba aliyevunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat. Mwaka 1849 alivuka jangwa la Kalahari hadi ziwa Ngami, na kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda katika pwani ya magharibi hadi Quelimane katika pwani ya mashariki. Mwezi Novemba 1855 alifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, akayapa jina la malkia Victoria.

Kuanzia mwaka 1858 hadi 1864 aliongoza safari ya serikali ya Uingereza katika mto Zambezi. Mwezi Septemba 1859 alifika ziwa Nyasa. Katika nyanda za juu za mto Shire aliona vijiji vya Wamang'anja vikiyeyusha chuma katika tanuri za udongo. Mawe yaliyotiwa tanuri yalikuwa kampaundi ya chuma na oksijeni. Mkaa ulipowaka, kaboni yake ilichukua oksijeni ile na kuacha chuma. Wahunzi hawakutumia majina hayo, lakini walijua mawe yapi yanafaa, mkaa wa mti gani ni mkali na moto uvukutwe kwa muda gani.

Vidonge vya homa

Malaria iliua Wazungu wengi walioingia barani, nayo iliwatesa pia wenyeji na wapagazi. Chanzo chake hakikujulikana bado: kimelea kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na kazi ya mbu ilithibitishwa mwaka 1897. Watu wengi walidhani homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa.

Dawa iliyojulikana ilikuwa gome la mti wa sinkona kutoka Amerika Kusini. Gome lililosagwa ni mchanganyiko, na kiasi cha dawa ndani yake hutofautiana kati ya mti na mti. Mgonjwa mmoja aliweza kupata dawa ya kutosha na mwingine kupata unga usiofaa, ingawa wote wawili walikunywa kijiko kimoja. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walifaulu kutenga kampaundi moja kutoka katika gome hilo, yaani kwinini, iliyoundwa na kaboni, hidrojeni, naitrojeni na oksijeni. Tangu hapo daktari aliweza kupima dawa kwa mizani na kujua mgonjwa amepewa nini.

Livingstone alitumia kwinini mapema, tena kwa kiasi kikubwa. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe kwa kuchanganya kwinini, kalomeli, utomvu wa mzizi wa jalapu na unga wa mzizi wa rubarbu, akiviunga kwa dawa ya iliki. Vilikuwa vikali, vikamharisha mgonjwa kwa nguvu. Baadaye vidonge vya aina hiyo viliuzwa madukani kwa jina lake.

Si kila kitu ndani ya kidonge hicho kilisaidia. Iliyopambana na malaria ni kwinini. Jalapu na rubarbu zilikuwa dawa za kuharisha tu. Kalomeli ni kampaundi ya zebaki na klorini. Madaktari wa karne ya 19 waliitumia mno, na leo inajulikana kuwa ni hatari kwa mwili. Kwa kuwa vitu vyote vilimezwa pamoja, haikuwa rahisi kwa daktari wa wakati ule kutambua kipi kimeponya na kipi kimedhuru.

Kukosa kwinini kulikuwa na matokeo ya haraka. Mwezi Januari 1862 askofu Charles Mackenzie, aliyeletwa eneo la Shire na Livingstone, alipinduka na mtumbwi wake na kupoteza dawa zote. Alifariki kwa homa tarehe 31 Januari. Tarehe 27 Aprili mwaka huohuo Mary Livingstone naye alikufa kwa homa huko Shupanga, ingawa mume wake alikuwa karibu na alikuwa na dawa.

Kupotea kwa sanduku la dawa

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho kutoka Zanzibar, akitafuta chanzo cha mto Naili. Pamoja naye walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861.

Tarehe 20 Januari 1867, katika misitu ya kaskazini mwa Zambia ya leo, wapagazi wawili walitoroka na mizigo. Mzigo mmoja ulikuwa sanduku la dawa. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba aliona tukio hilo kuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Kwa watumishi waliotoroka, vile vilikuwa unga na chupa. Kwake ilikuwa kampaundi ambayo hakuna mmea wowote wa nchi ile ungeweza kuitoa.

Aliishi miaka sita zaidi, lakini afya yake haikurudi kamwe. Alisumbuliwa na homa, vidonda vya miguu, kuhara damu na bawasiri. Alifika ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika mwaka 1867, kwa mfalme Kazembe mwaka huohuo, ziwa Bangweulu mwaka 1868 na Ujiji mwezi Machi 1869. Huko alikuta kwamba sehemu kubwa ya bidhaa zilizotumwa kwake imeibwa.

Wino wa Nyangwe

Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba katika Kongo ya leo. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Aliandika juu ya gazeti la zamani, akivuka mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutokana na mmea wa huko. Tarehe 15 Julai aliona watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakifyatua risasi sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake. Taarifa yake ilichochea hasira Uingereza.

Kurasa zenyewe zilififia hata zikawa hazisomeki. Sababu yake ni ya kikemia. Rangi ya mmea ni mchanganyiko wa kampaundi zinazovunjwa na mwanga. Herufi za gazeti zilichapwa kwa masizi yaliyochanganywa na mafuta, na masizi ni kaboni, elementi ambayo mwanga hauibadilishi. Kwa hiyo maneno ya gazeti yalibaki na ushuhuda wa Livingstone ukatoweka. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza na Marekani walitoa matokeo ya kazi yao ya kupiga picha za kurasa hizo kwa mwanga wa rangi mbalimbali. Kwa kuwa kila aina ya wino humeza mwanga kwa namna yake, waliweza kutenganisha maandishi hayo mawili na kuisoma shajara tena.

Kukaa Kwihara

Livingstone alirudi Ujiji mwezi Oktoba 1871 akiwa dhaifu na hana mali. Stanley alifika akiwa na chakula, barua na dawa. Tarehe aliyoandika ni 10 Novemba. Pamoja walizunguka kaskazini mwa ziwa na kuona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hivyo hauwezi kuwa chanzo cha Naili. Halafu walielekea Unyanyembe kwa njia ya kusini ili kukwepa Uvinza, ambako misafara ilidaiwa ushuru mkubwa. Walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872.

Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya bara. Waarabu na Waswahili walijenga huko nyumba za tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, na Wanyamwezi walisifika kama wapagazi wa njia nzima. Tangu mwaka 1871 kulikuwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, hivyo njia ya moja kwa moja kuelekea Ujiji ilikuwa hatari.

Mizigo iliyopita Tabora inaweza kupangwa kwa makundi matatu ya kemia:

- Shaba nyekundu kutoka Katanga ni elementi. Ilipatikana kwa kuyeyusha malakiti, jiwe la kijani ambalo ni kampaundi ya shaba, kaboni, oksijeni na hidrojeni.
- Waya wa manjano uliotoka pwani ulikuwa aloi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Fundi anaweza kuzidisha au kupunguza zinki, na rangi ya waya hubadilika.
- Ushanga wa kioo ni mchanganyiko mgumu uliotokana na mchanga, magadi na chokaa kuyeyushwa pamoja. Kampaundi ya kobalti kidogo tu huufanya uwe wa buluu.
- Chumvi ya Uvinza ni kampaundi. Maji ya chemchemi zake ni mchanganyiko, na watu wa huko waliyachemsha katika vyungu hadi maji yakatoka kama mvuke na chumvi ikabaki. Kazi hiyo imefanyika Uvinza kwa zaidi ya miaka 1,000.
- Baruti ina makundi yote matatu: salfa ni elementi, shura ni kampaundi ya potasiamu, naitrojeni na oksijeni, na baruti yenyewe ni mchanganyiko wa hizo mbili pamoja na unga wa mkaa. Kabla ya kuwashwa, maji yanaweza kuyeyusha shura na kuitenga na vingine. Ikishawaka, hakuna ungo wala maji yanayoweza kuirudisha ilivyokuwa.

Stanley aliondoka tarehe 14 Machi 1872 akiahidi kutuma watu kutoka pwani. Livingstone alibaki akingoja. Alisoma, alirekebisha ramani na vipimo vyake, alitazama ndege, na kuandika kuhusu watumwa aliowaona. Aliandaa pia chakula cha safari, ikiwemo jibini. Aliacha maziwa yagande yenyewe, kwa kuwa katika joto la Unyanyembe yaliganda kwa nusu siku tu. Jibini lilikuwa chachu kidogo. Maziwa ni mchanganyiko wa maji, mafuta, protini, sukari na chumvi. Bakteria hugeuza sukari yake kuwa asidi, ambayo ni badiliko la kemia lisilorudi nyuma. Asidi hugandisha protini. Kisha kitambaa hutosha kuchuja maji yake.

Watu wa Stanley walifika mwezi Agosti. Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara akielekea Bangweulu, akiwa na nia ya kufika baadaye kwenye machimbo ya shaba ya Katanga. Hakuyaona.

Kifo na safari ya mwili

Mvua za mwaka 1873 zilimkuta katika mabwawa ya Bangweulu. Alitokwa damu nyingi, akabebwa kwa machela hadi kijiji cha Chitambo. Mapema asubuhi ya 1 Mei 1873 alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi, Chuma na wenzao waliamua kuurudisha mwili pwani, ingawa walijua kwamba watu wengi njiani huogopa maiti. Walitoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Walitia chumvi ndani ya mwili, wakapaka pombe kali usoni, kisha wakaukausha juani kwa siku 14. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama, na bakteria wa kuozesha hawawezi kuishi bila maji. Thomas Graham alichunguza jambo la namna hiyo katika maabara, yaani jinsi maji na chumvi vinavyopita katika ngozi nyembamba. Watu wa msafara walilijua kutokana na kukausha samaki na nyama. Mwishoni waliuzungushia mwili kitambaa, gome la mti na turubai, wakapaka lami ili maji yasiingie.

Mwezi Oktoba 1873 walifika Kwihara. Huko alikuwepo luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe Unyanyembe. Susi na Chuma walikataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Wasafiri waliufunga mwili upya ufanane na robota la kitambaa, wakatengeneza maiti ya bandia na kujifanya wanaipeleka nyuma kuizika. Hivyo mtu aliyeanza maisha yake katika kiwanda cha pamba alimaliza safari yake kama mzigo wa nguo.

Mwezi Februari 1874, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500, walifika Bagamoyo na kuuweka mwili katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Nchini Uingereza mwili ulitambuliwa kwa mfupa uliovunjwa na simba, ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwepo. Susi na Chuma walifika baada ya mazishi, kwa gharama ya James Young, wakasaidia kufafanua shajara za mwisho.

Urithi

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwezi Juni 1873, wiki chache baada ya kifo chake na kabla habari zake hazijafika pwani. Taarifa zake zilichangia uamuzi huo. Wakati huohuo, ramani zake na wito wake wa kuleta biashara na Ukristo vilifungua njia kwa ukoloni, na wanahistoria wanampima kwa pande zote mbili.

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tembe alimokaa limejengwa upya na kufanywa makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, inayopita Tabora, kwenye orodha ya UNESCO ya awali ya urithi wa dunia.

Tazama pia

- Abdullah Susi
- James Chuma
- Mirambo
- Elementi
- Kampaundi
- Ujiji
- Uvinza